Profaili za kikundi cha vichekesho vya mwili: jinsi ya kuziandika na kuzitumia stejini

Kama mko na kikundi cha vichekesho vya mwili, zile shoo za kuanguka, kubebana, kukimbizana na kugongana na milango, maneno machache ama hakuna kabisa, kuna siku mtaitishwa profaili za memba. Inaweza kuwa ofisi ya kaunti, ama festivali ya Nairobi, ama hoteli inataka shoo ya Desemba, ama NGO inataka uhamasishaji sokoni. Na hapo ndio vikundi vingi vya huku kwetu vinapotelea, mtu mmoja anakaa na laptopu usiku, anaandika aya moja, anaikopi kwa kila memba, anabadilisha majina tu. "Ni msanii mwenye kipaji na bidii aliyependa sanaa tangu utotoni." Ukifunika majina huwezi kujua nani ni nani. Nimesoma nyingi za aina hiyo, za Kisumu, Kakamega, Nakuru, na zinaniuma kwa sababu watu wenyewe nimewaona wakicheza na hakuna wawili wanaofanana hata kidogo.

Kitu nataka mshike ni hiki. Kwa komedi ya mwili, kazi uliyofanya kabla ya sanaa ndiyo shule yako, iwe ni ukonda, mjengo, kukaanga samaki, kudaka mpira ama kupiga ngoma kwa harusi. Mwili ulishafundishwa huko, direkta anaukuta tayari. Kwa hivyo ukiandika historia ya memba vizuri unapata vitu viwili kwa mpigo, dokumenti yenye mtu anaweza kuiamini, na shoo mpya ambayo hakuna kikundi kingine kinaweza kuiiga.

Usidhani hii ni maneno ya huku mtaani tu. Fred Karno, Mwingereza aliyezaliwa 1866, alikuwa anajifunza kazi ya fundi bomba kabla aingie sarakasi, halafu akaunda kampuni ya vichekesho visivyo na maneno iliyozunguka kumbi za Uingereza na Marekani. Mwaka wa 1908 akaingia hapo kijana anaitwa Charlie Chaplin. Chaplin hakutoka chuo cha sanaa, mama yake alikuwa mwimbaji wa kumbi za burudani, yeye mwenyewe alipelekwa nyumba ya maskini London akiwa mtoto, na kabla ya Karno alikuwa amecheza densi ya viatu vya mbao na kikundi cha watoto kilichoitwa Eight Lancashire Lads. Sasa rudi uangalie filamu zake za 1914 kuendelea, angalia miguu peke yake, utaona mtu aliyefundishwa kuhesabu na viatu. Buster Keaton naye, wa 1895, wazazi wake walikuwa wasanii wa kuzunguka na baba yake alikuwa anamrusha huku na kule stejini akiwa bado mdogo kabisa, nguo yake ilishonewa kishikio cha sanduku mgongoni ndio ashikike vizuri. Hapo ndipo alijifunza kuanguka bila kuvunjika, na akagundua watu wanacheka zaidi yeye asipocheka. Jackie Chan, tuliyemwona sote kwa video za mtaani, alikaa miaka kama kumi kwa shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong.

Na usiseme ni lazima mtu awe ametoka familia ya sarakasi. Rowan Atkinson, Mista Bin mwenyewe, alisomea uhandisi wa umeme Newcastle halafu Oxford, na ukimwangalia Bin akifanya kitu kidogo tu, labda kuvaa suruali ndani ya gari, anakipanga hatua kwa hatua kama fundi anayefungua injini. Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka wa 1956 na kufundisha watu wengi wa thieta ya mwili, alianzia kwa michezo, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Hapa kwetu, Benson Wanjau aliyecheza mzee wa Kijaluo kwa TV, Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu, lakini wazee wa Kisumu walimkubali kama wa nyumbani. Redykyulass, wale vijana watatu wa vichekesho vya kejeli kwa TV, walianza wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mmoja wao, KJ, baadaye akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Njia za kuingia ni nyingi na za kutokea pia.

Haya, sasa kazi yenyewe.

Anza kwa kukaa na memba mmoja mmoja, ana kwa ana, si kwa grupu ya WhatsApp. Kwa grupu kila mtu atakuandikia kile anafikiri unataka, "nilipenda sanaa nikiwa darasa la nne", na utarudi pale pale. Keti naye mahali kuna nafasi ya kusimama na kusonga, weka simu irekodi, muombe ruhusa kwanza. Usianze na umesoma wapi, hiyo inafungia watu mdomo, hasa wale waliachia kidato cha pili. Uliza saa kumi na moja asubuhi ulikuwa unafanya nini kabla ujiunge na sisi. Uliza ni sehemu gani ya mwili ilikuwa inachoka kwanza. Uliza bosi alikuwa anakuita aje, na mteja mgumu alikuwa anakaa aje, anasimama aje. Halafu sema "nionyeshe". Hiyo nionyeshe ndio roho ya hii kazi yote. Mpe jerikeni tupu, ama karai, ama kiti, umwache. Memba akiwa amekuzidi umri, mwite mama ama mzee vile mnamwitanga siku zote, na umwache aeleze kwa Dholuo ama Kiluhya kama ndiyo imemkalia mdomoni, utatafsiri baadaye.

Ukimwangalia, andika vitu vitatu. Uzito anauweka wapi, kwa kisigino, kwa kiuno, kwa mabega. Mdundo wake ni upi, anafanya haraka halafu anasimama, ama anaenda polepole bila kukatiza. Na anaogopa nini, maana kila kazi ina kitu mwili unakikwepa bila kufikiri, moto, mbwa wa kwa tajiri, askari wa kaunti. Huo woga ni dhahabu ya komedi, usiuache.

Wacha nionyeshe na watu wawili ambao kila mtu wa Kisumu anawajua kwa sura. Chukua mtu aliyekuwa konda wa matatu za watu kumi na nne. Shingo yake imeinama hata akiwa chini ya mwembe, kwa sababu miaka yote amesimama chini ya paa fupi. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, kwa hivyo ule mkono hakunji ngumi kamwe, unabaki wazi hata akisalimia pasta. Akishuka gari ikiwa bado inatembea, anatanguliza mguu, anaegemea nyuma, anakimbia hatua kadhaa na gari, halafu anasimama kama hakuna kitu kimetokea. Mwambie afanye hivyo tu, kushuka kwa gari ambayo haipo, na ukumbi utacheka kabla mjue shoo inahusu nini. Hiyo kushuka mwigizaji wa kawaida atahitaji majuma mengi kuipata na bado itakaa ya kuigiza.

Halafu chukua mama aliyekuwa anakaanga mgongo wazi kule Obunga, yale mafupa ya mbuta yanayobaki baada ya kiwanda kutoa nyama. Mwili wake uko nyuma na mkono uko mbele, mrefu, kama si wa mtu mmoja. Uso ameugeuza moshi usimwingie, macho yamefinywa, na anageuza samaki bila kumwangalia kwa sababu anajua ameiva kwa kusikia mafuta. Muulize mtu kitu akiwa hivyo, atakujibu vizuri kabisa, bila kugeuza kichwa. Sasa waweke hao wawili pamoja kwa benchi moja, mnaita matatu. Mama anaketi na ule mkono mrefu, abiria wenzake wanakwepa. Konda anaitisha nauli, mama hana pesa, anatoa samaki, konda bila kufikiri anamkunja samaki kwa urefu na kumbana katikati ya vidole na zile noti, anaendelea kuitisha wengine. Hamjaandika neno lolote la skripti na mko na shoo ya dakika tano, na imetoka kwa profaili.

Kuna wengine usiwasahau. Mtu wa mkono wa mjengo, aliyepandisha karai ya zege kwa mbao iliyoinama, anajua kubalansi kuliko mtu yeyote wa mazoezi ya jimu. Kipa anajua kuanguka kwa ubavu. Fundi wa nguo ana mdomo umejaa pini na bado anaongea. Mkata miwa wa Mumias ana mgongo na mdundo wake. Na mpiga isukuti, huyu mimi ningemweka kwa kila kikundi cha Magharibi, kwa sababu komedi ya mwili inasimama ama inaanguka na taimingi. Isukuti zinapigwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, wenyewe wanaziita baba, mama na mtoto, na aliyekulia kati ya hizo ngoma anajua kungoja nusu pigo. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hivyo ukiandika "alilelewa katika kikundi cha isukuti, Khayega" usiiandike kwa herufi ndogo mwishoni, hayo ni mafunzo.

Sasa kuandika. Sentensi ya kwanza iseme anafanya nini kwa kikundi, leo. Ya pili iseme mwili wake ulifundishwa wapi, na miaka. Halafu shoo alizocheza, mahali na mwaka, halafu kile anaweza kufanya ambacho mtu wa festivali anaweza kukipangia, kama anaanguka kutoka urefu gani, anabeba mtu wa kilo ngapi, anapiga chombo gani, anaongea lugha gani. Mwisho, kazi anayoifanya mchana. Maneno mia moja hivi yanatosha kwa programu ya shoo, toa toleo lingine fupi la sentensi mbili kwa bango la shoo.

Mfano wa kutunga, weka jina pale mwanzo: "Ni mwigizaji na mtunzi wa miondoko. Alikaanga na kuuza mgongo wazi Obunga kwa miaka sita kabla ya kujiunga na kikundi 2019, na mikono yake ndiyo chanzo cha shoo yetu ya matatu. Amecheza setibuku, yale maigizo ya vitabu vya mtihani, katika shule za Kisumu na Siaya tangu 2022. Anaanguka kutoka urefu wa meza, anabeba mwenzake mgongoni, anaongea Dholuo, Kiswahili na Kinyore. Bado anauza samaki siku mbili kwa wiki." Linganisha hiyo na ile ya kipaji na bidii. Huyu mtu unaweza kumwona.

Ile sentensi ya mwisho kuna wenye wanataka kuificha, wanaona aibu ati tutaonekana si maprofeshono. Mimi sikubaliani nao kabisa. Karia ya msanii huku kwetu ni kushona vipande, muhula wa shule ni setibuku, Aprili ni festivali za drama, Desemba ni harusi na hoteli, katikati kuna magneti thieta ya NGO, ile michezo ya uhamasishaji ya kuvuta watu, pale sokoni Kibuye ama Ahero, na kati ya hizo zote kuna bodaboda ama shamba ama saluni. Andika vile ilivyo. Mtu anayelipa shoo akiona kikundi kimeishi miaka saba hivyo, anajua nyinyi hamvunjiki mapema.

Drama za shule nazo zipewe heshima yake. Festivali ya drama ya shule na vyuo vya Kenya ilianza 1959, na watu wengi mnaowaona stejini walianguka mara ya kwanza mbele ya jaji huko. Lakini andika kwa usahihi: shule, mwaka, alicheza nini, na walifika wapi, zoni, kaunti, rijoni ama nashono. "Alishiriki drama za kitaifa" bila mwaka haisemi kitu, na wale majaji wengi bado wapo, watajua. Vivyo hivyo na mafunzo. Kama alienda mafunzo ya siku moja tu na watu wa sarakasi, andika mafunzo ya siku moja, si "amefuzu". Kama alikaa Sarakasi Trust Nairobi, ile iliyoanzishwa 2001, andika alikaa muda gani na alijifunza nini, kuruka, piramidi, ama kutembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Kumbi pia, taja kwa jina, Mama Grace Onyango Social Centre, Nakuru Players Theatre, hata kama ni uwanja kama Bukhungu, usiandike "kumbi mbalimbali".

Jambo lingine ambalo naliona sana na linaniudhi. Wanawake wa kikundi. Profaili ya kijana inasema mwigizaji, mwanasarakasi, direkta msaidizi. Ya dada inasema kostyumu na mambo ya usajili, na huyo dada ndiye anabebwa, ndiye anarushwa, ndiye anaanguka kwa ngazi kila shoo akiwa na rinda. Kabla umalize, rudi usome profaili zote ukihesabu vitenzi. Kama wanaume wanaruka na wanawake "wanasaidia", andika upya.

Na ni nani alitunga? Hii inahitaji umakini kwa sababu komedi ya mwili inazaliwa kwa mazoezi, mtu anateleza, wote wanacheka, direkta anasema rudia, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani. Kwa kila shoo andika kila kichekesho kikubwa kilitoka kwa nani, na kiingie kwa profaili yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, hailindi wazo likiwa bado kichwani, lazima liwe limeandikwa ama limerekodiwa. Simu inatosha. Weka kwa kiti, rekodi shoo nzima kutoka mbele bila kukata, taja tarehe mwanzoni, uhifadhi mahali pawili. Siku kampuni ya matangazo ikija kutaka ile ya konda na samaki, mtakuwa mnaongea kuhusu pesa mkijua mwenyewe ni nani.

Picha, kwa ufupi. Mwili mzima, si pasipoti. Nyuma pawe wazi, ukuta ama uwanja, na awe anafanya ule mwondoko wake.

Kuna faili ya pili ambayo haiendi kwa mtu yeyote wa nje. Hapo unaweka majeraha ya zamani, goti lililoteguka kwa mpira, mgongo wa mjengo, pumu ya moshi, na nambari ya mtu wa kupigiwa simu. Direkta anaisoma kabla ya kupanga nani anabeba nani. Andika pia kama SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iko sawa, mtu wa jua kali analipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi na mara nyingi anaitishwa ya mwaka mzima kwa mpigo, kwa hivyo vikundi vyenye akili vinakata kidogo kidogo kwa kila shoo hadi ifike. Mambo ya afya na vitambulisho ni siri ya mtu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, usiyatume kwa grupu ama kwa mfadhili kwa sababu tu ameuliza. Mwingine ana historia hataki iandikwe, alikaa jela, alifukuzwa nyumbani, alikuwa mtoto wa mtaani pale Oile, katikati ya Kisumu. Mwondoko wake unaweza kuutumia stejini akikubali, lakini kwa karatasi anaamua yeye. Wafadhili wanapenda sana hadithi za huzuni, na utasukumwa uiweke. Kataa.

Kama bado hamjasajiliwa, hii kazi ya profaili inawasaidia hapo pia. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na vikundi vingi vya komedi viko na watano ama sita wa stejini. Basi hesabu na wenye hawaonekani, anayepiga ngoma, anayeshona, anayeendesha gari, anayeshika pesa, waandikieni profaili kamili kama wengine. Dereva aliyeendesha lori la miwa usiku ana mwili wa kuangaliwa pia, siku moja mwiteni mazoezini mumpe kiti na usukani wa hewa.

Rudia zote kila Januari kabla shule zifunguliwe, maana miili inabadilika. Aliyeanguka kutoka meza 2021 huenda sasa anaanguka kutoka stuli, na ni sawa, andika stuli. Aliyetoka kwa kikundi usimfute, mwekee miaka aliyokuwepo na vichekesho alivyotunga, na mkitaka kukitumia kimoja mpigie simu mwelewane malipo. Halafu kabla PDF iende kokote, kila memba aone yake. Asiyesoma vizuri msomee kwa sauti, polepole, aseme hapa sawa, hapa ondoa, hapa ulisahau kwamba nilikuwa kipa.